Urefu wa Boriti

Magofu ya Shanga yapo upande wa kusini wa kisiwa cha Pate, si mbali na Siyu. Mgeni anayefika huko huona kuta fupi zilizomeguka, makaburi, na msikiti usio na paa. Hazina yenyewe iko chini ya ardhi. Mwanaakiolojia Mark Horton alipochimba hapo katika miaka ya 1980 alikuta, chini ya msikiti wa Ijumaa, misikiti mingine iliyopandiana, mmoja juu ya kifusi cha mwingine. Wa chini kabisa ulikuwa wa miti, wa karne ya 8, wa kutosha watu wachache tu. Ukafuatwa na mwingine wa miti, na mwingine tena. Karibu na karne ya 10 likaingia jiwe: kwanza tumbawe laini lililokatwa baharini, baadaye jiwe gumu lililochimbwa nchi kavu na kushikizwa kwa chokaa. Mahali ni palepale, swala ni ileile, ukuta ndio uliobadilika.

Naanzia Shanga kwa sababu inakivunja kile kisa ambacho wengi tulikikuta shuleni, kwamba mji wa mawe uliletwa na majahazi kutoka ng'ambo ukiwa tayari umeshapikwa. Udongo wa Shanga unasema vingine. Watu walewale waliokuwa wakijenga kwa miti na udongo ndio waliojaribu jiwe, wakakosea, wakajaribu tena, wakalizoea. Walikuwa na bahari mbele yao, mikoko ubavuni, minazi na udongo nyuma yao, na kila kimoja walikijua tabia yake kabla ya kukikabidhi ukuta au paa.

Mwambao huu umelala juu ya matumbawe. Zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, matumbawe yaliota mahali ambapo sasa tunalima mihogo. Maji yalipoteremka yakabaki nje, yakawa mwamba mgumu wenye matundu na makombe ndani yake. Hilo ndilo jiwe la ukuta. Halichongeki vizuri, na ukiligonga hukatika linavyotaka lenyewe. Kwa hiyo mwashi hakulitafutia sura. Alilipanga vipande vipande ndani ya chokaa nyingi, ukuta ukatoka na unene wa nusu mita hivi, kisha akaufunika kwa lipu. Lile la baharini lina tabia nyingine kabisa. Lilikatwa kwenye maji ya kina kifupi, na likiwa bado bichi lilikubali shoka na tezo bila ubishi; likikauka juani huwa gumu, na jepesi pia kwa vile limejaa vitundu. Hilo lilitengewa mihrabu, miimo ya milango na zidaka, mahali panapohitaji mstari ulionyooka na nakshi inayosomeka. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yapo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye tumbawe, yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 Miladia, na herufi zake bado zinasomeka.

Kiungo cha yote kilikuwa chokaa, nayo ilitoka kwenye jiwe hilohilo. Wachomaji walipanga magogo kwa duara, tabaka juu ya tabaka, wakaacha tundu katikati la kutilia moto, kisha wakarundika vipande vya matumbawe juu. Lilikuwa tanuri lisilo na kuta: kuni zenyewe ndizo tanuri, na moto ukiisha, nalo limekwisha. Joto likifika nyuzi 900 hivi, jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likabaki jeupe, jepesi na lenye kiu ya maji. Chokaa hiyo mbichi ilizimwa kwa maji au kuachiwa mvua, ikalala kwa miezi kabla ya kuguswa, maana iliyopakwa kabla ya kuiva hupasuka na kumtia fundi aibu. Ikishakaa ukutani huanza kuivuta tena ile hewa kutoka angani, polepole, kwa miezi na miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Ukuta wa namna hiyo hupitisha unyevu. Unapanda kutoka ardhini, unatoka kwenye lipu, upepo wa bahari unauchukua. Nyumba ikikaa kidogo na kutikisika, ufa mwembamba hujaa wenyewe kwa chokaa iliyoyeyushwa na maji ya mvua. Sifa hizi mbili, kupitisha unyevu na kujiponya, tutazihitaji tutakapofika kwenye saruji.

Lakini tusiupambe mji wa kale kupita ulivyokuwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, wakati mji ule uko kileleni kwa dhahabu ya Sofala, na akaandika kwamba majengo yake yalikuwa ya miti na mapaa yake ya nyasi. Wasomi wamehangaika na maneno hayo, kwa kuwa enzi hizohizo Sultani al-Hasan bin Sulaiman alikuwa na Husuni Kubwa juu ya jabali, kasri la mawe lenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Mimi sioni mgongano. Jiwe lilikuwa la wachache. Umma wa Kilwa, kama umma wa Shanga kabla yao na wa Mombasa baada yao, uliishi katika nyumba za fito na udongo zilizoezekwa makuti au nyasi, na historia ya ujenzi ikiandikwa kwa magofu peke yake inawasahau, kwa sababu udongo haukuacha gofu.

Nyumba ya udongo haikuwa ukosefu wa akili. Fito hufumwa kwa kamba, udongo hukandikwa pande zote mbili, na chumba hubaki baridi mchana wa Januari. Mvua ya masika ikila ukuta, mwenye nyumba na jirani zake wanaukandika upya kwa udongo wa palepale. Paa la makuti linataka mwinamo mkali ili maji yasitue, na linaezekwa upya kila baada ya miaka michache. Udhaifu wake ni moto na mchwa. Uzuri wake ni kwamba hakuna kinachotoka mbali, wala hakuna kinachobaki kuwa taka.

Kilwa yenyewe inatuonyesha jiwe likishindwa. Msikiti Mkuu ulianza kama ukumbi mdogo katika karne ya 11 au 12, dari yake tambarare ikibebwa na nguzo za mti. Baadaye ukaongezwa ukumbi mkubwa upande wa kusini, wenye kuba na matao. Waashi walithubutu kutumia nguzo za tumbawe la kipande kimoja, zilizochongwa zikiwa bichi. Zilikuwa nzuri, na hazikutosha kuubeba mzigo ule. Sehemu hiyo iliporomoka, na katika karne ya 15 ilijengwa upya kwa nguzo nene za pembe nane za mawe madogo yaliyozamishwa kwenye chokaa. Ndizo zilizosimama hadi leo. Zina sura ya kawaida zaidi kuliko zile za kwanza, na waliozijenga walikuwa wameshajua kwamba tumbawe laini ni jiwe la nakshi.

Sasa tuingie darini, maana huko ndiko nyumba ya Mswahili ilikopata umbo lake.

Ukiingia nyumba ya kale ya Lamu, ya karne ya 18, unapita daka, ukumbi wa mlangoni, unafika kiwandani, yaani ua wa ndani, halafu unakutana na vyumba virefu vyembamba vilivyopangwa kimoja nyuma ya kingine: msana, kisha ndani. Urefu wa chumba unaweza kufika mita nane au kumi, ila upana wake hauzidi sana mita mbili na nusu. Wapo walioeleza upana huo kwa siri za ndani, heshima na giza la ubaridi. Yote hayo yamo, lakini juu ya kichwa chako ziko boriti, na hapo ndipo hesabu ilipoanzia. Mti wa mkoko ulionyooka vizuri, mnene kiasi cha kubeba sakafu ya mawe na chokaa, hautoi zaidi ya urefu huo bila kupinda. Mwashi hakuuliza chumba kiwe kipana kiasi gani. Msitu ulikuwa umeshamjibu.

Wakataji hawakuuita kila mti wa mikoko boriti. Mwembamba kuliko yote ni fito, wa kufumia kuta za udongo. Unafuata pau, wa paa la makuti. Halafu boriti, wenye unene wa sentimita 8 hadi 13 hivi. Mnene zaidi ni nguzo. Waliihesabu kwa korja, miti 20 kwa korja moja. Na walichagua kwa jina: mkoko, msinzi, mkandaa. Mchu huota kwa wingi pia, lakini hupinda, na hakuna aliyeutaka darini. Mti wa mkoko ni mzito na mgumu, na magome yake yamejaa dawa ya kutengenezea ngozi, ileile inayowafanya wadudu wasiupende. Ukikaa mkavu, wenye hewa, hudumu kwa karne. Maji yakiugusa ncha iliyofukiwa ukutani, huanza kuoza hapo hapo, na jicho halioni.

Juu ya boriti walipanga vipande vya mawe, juu yake wakamwaga chokaa na kokoto za matumbawe, kisha wakaipiga. Upigaji wa sakafu ulikuwa kazi ya kundi: watu wengi wamejipanga kwa mistari, wana magongo ya mti, wanapiga kwa mdundo mmoja huku wakiimba, siku baada ya siku, mpaka chokaa inashikana na kutoa maji juu. Lazima niseme pia kwamba katika Lamu ya karne ya 18 na Unguja ya karne ya 19 wengi wa waliobeba mawe hayo na kupiga sakafu hizo walikuwa watumwa. Kuta tunazozitunza leo kama urithi zina jasho lao ndani, na kila mwongozo wa watalii ungepaswa kulitaja hilo kabla ya kutaja nakshi za milango.

Boriti hazikukaa nyumbani tu. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kuhusu Siraf, bandari tajiri ya Uajemi, kwamba nyumba zake zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji, yaani mwambao wetu. Ghuba haina misitu. Ina jua, tende na lulu. Kwa miaka elfu moja majahazi yalishuka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi na mazulia, yakapanda na kusi yakiwa na miti ya mwambao wetu tumboni. Ndiyo maana vyumba vya kale vya Kuwait, Bahrain na Sur ni vyembamba kama vya Lamu: dari zote zilikatwa katika misitu ileile. Mwaka 1939 baharia Mwaustralia Alan Villiers alisafiri katika jahazi la Kuwait chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi hadi delta ya Rufiji, akaliona likipakia boriti kwa kazi ya matope, mbu na homa. Safari hiyo aliieleza katika kitabu chake *Sons of Sindbad*. Hakujua, wala hakuna aliyejua pale mtoni, kwamba alikuwa akiandika mwisho wa biashara ile. Kuwait ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1946, na pesa za mafuta zikanunua chuma na saruji.

Jibu lingine kwa urefu wa boriti lilikuwa limeshatolewa Unguja mapema zaidi. Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib mbele ya bahari. Alitaka kumbi pana za sherehe, na mkoko haukuweza kumpa. Zikaja nguzo za chuma cha kusubu kushika baraza zinazoizunguka nyumba, mihimili ya chuma, na sakafu za zege. Kuta zikabaki za mawe ya matumbawe na chokaa. Lilikuwa jengo refu kuliko yote mjini, na baadaye likawa la kwanza kuwa na umeme na lifti. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 ilibomoa majumba ya jirani. Beit al-Ajaib likasimama. Watu waliona chuma kimeshinda. Ambacho hawakuweza kukiona ni kwamba nyumba ile ilikuwa imefunga ndoa kati ya vitu viwili visivyozeeka kwa namna moja. Chuma karibu na bahari kina adui mmoja, nayo ni chumvi. Ikipenya, chuma hushika kutu, kutu hutanuka, na kinachokizunguka hupasuka.

Saruji ya Portland ilipewa hataza Uingereza mwaka 1824, lakini kwetu ilibaki bidhaa ya kuagizwa, ya serikali na matajiri, kwa muda mrefu. Kilichoigeuza kuwa ya kila mtu ni viwanda vya mwambaoni. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kampuni iliundwa mwaka 1951 na kiwanda kikaanza kuzalisha mwaka 1954. Wazo Hill, nje ya Dar es Salaam, kiwanda kilifunguliwa mwaka 1966. Vyote viwili vilikaa hapo kwa sababu ya jiwe: Bamburi ilikuwa ikichimba matumbawe yaleyale ya kale ambayo waashi wa Shanga waliyapanga kwenye chokaa. Tofauti ni moto. Chokaa iliridhika na nyuzi 900; saruji inataka nyuzi 1,450 hivi, na jiwe lisagwe pamoja na udongo wa mfinyanzi. Hewa ya ukaa inayotoka humo, sehemu kubwa kutoka kwenye jiwe lenyewe na iliyobaki kutoka kwenye makaa na mafuta, imeifanya saruji kuwa chanzo cha takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa hiyo ambayo wanadamu wanaitoa duniani kwa mwaka.

Siwezi kumlaumu aliyeichagua. Chokaa ilitaka miezi ya kulala kabla ya kazi na miezi ya kukomaa baada yake. Saruji unaifungua asubuhi, jioni imeshika, baada ya wiki nne imefikia sehemu kubwa ya nguvu zake. Haiogopi maji. Inauzwa dukani kwa mfuko, na kijana aliyejifunza miezi michache anaweza kujengea matofali yake. Mabati yakafuata njia hiyohiyo: yana joto, yana kelele za mvua, lakini hayashiki moto wala hayaezekwi upya kila baada ya miaka michache, na maji yake ya mvua yanaingia tangini. Mama aliyepoteza nyumba ya makuti kwa moto hana haja ya kufundishwa faida ya bati.

Kosa lilikuwa kwingine, na nalitaja kwa uchungu kwa sababu bado linaendelea. Saruji iliingizwa katika nyumba za chokaa. Lipu ya zamani ikimenyeka, fundi anaibandua yote na kupaka saruji ngumu, laini, inayong'aa. Mwaka wa kwanza mwenye nyumba anafurahi. Lakini ukuta wa matumbawe haujaacha kunywa unyevu kutoka ardhini. Umezibwa pua tu. Maji yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, yanabeba chumvi, na chumvi inakauka na kuwa fuwele nyuma ya lipu, inasukuma, inasaga chokaa ya ndani kuwa unga. Saruji haikubali kutikisika na ukuta, kwa hiyo inapasuka. Ufa wake haujiponyi, na mvua inaingia kwa nyuma. Mwishowe unyevu unafika zilipofukiwa ncha za boriti. Nje ukuta unaonekana mpya. Siku dari inapoanguka, watu husema nyumba ilikuwa ya zamani.

Mji Mkongwe wa Unguja uliteseka kwa sababu zaidi ya hiyo moja. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, nyumba zikataifishwa, na familia nyingi zikapangishwa pamoja katika jumba moja lisilo na mwenyewe wa kupanda juu ya paa kabla ya masika. Sakafu ya paa la chokaa inataka kukaguliwa kila mwaka. Isipokaguliwa, mti ulioota kwenye ufa unatosha kuimaliza nyumba. Serikali iliunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe mwaka 1985, UNESCO ikauingiza mji katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu ikafuata mwaka 2001. Nyumba nyingi ziliokolewa. Beit al-Ajaib halikuwahi kuokolewa. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kuna wanaotaka tujibu hayo yote kwa kurudi kwenye chokaa na boriti, na hapa lazima historia iwe ngumu kwetu. Lile tanuri la magogo lilikula misitu. Kila ukuta mweupe wa mwambao una msitu uliochomwa ndani yake. Na matumbawe hai si machimbo. Tumbawe kubwa hukua kwa takriban sentimita moja kwa mwaka. Kichwa kinachong'olewa kwa mtaimbo asubuhi moja kilianza kuota kabla ya babu wa anayeking'oa. Kisiwani Mafia na kwenye hori ya Mikindani matumbawe hai yaliendelea kuchimbwa kwa ajili ya chokaa na ujenzi hadi mwishoni mwa karne ya 20, hata samaki wakakosa makazi na fukwe zikakosa ngao ya mawimbi. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, na uchimbaji huo ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyohitaji kukomeshwa. Jiwe la nchi kavu ni jambo jingine, limekwisha kufa zamani. Bado shimo lake linabaki.

Mikoko nayo ilifika ukingoni. Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje mwaka 1982, na Tanzania ikasimamisha ukataji mwaka 1987. Wakataji wa delta ya Rufiji, wenye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, hawakuulizwa watakula nini. Wengine waliingia kwenye kilimo cha mpunga ndani ya mikoko ileile, na kulima kunaua mkoko kabisa, wakati ukataji wa kuchagua unauacha uchipuke kwa mbegu. Naamini kwa dhati kwamba msitu wenye wakataji walioruhusiwa, wanaojua fito na boriti na nguzo, na wanaoacha mti wa mbegu, uko salama kuliko msitu uliofungwa kwa karatasi. Mkoko unakua, tumbawe linakua kwa shida, chuma hakikui. Anayechagua kifaa cha ujenzi anachagua pia mahali kitakapotolewa, na mtu atakayekitengeneza kitakapochoka.

Mfano mmoja wa kutia moyo ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia. Kiwanda cha Bamburi kilipokuwa kimeacha machimbo matupu, mwamba mweupe usio na udongo, wenye maji ya chumvi chini yake, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza mwaka 1971 kupanda miti humo. Aina nyingi zilikufa. Mvinje haukufa: mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoupatia naitrojeni kutoka hewani, na unavumilia chumvi. Alitumia jongoo kusaga majani yake makavu kuwa mboji, na ndani ya miaka mahali pale pakawa msitu, ambao leo ni Haller Park. Lakini kwa mwenye kujenga, habari kubwa ni ya mashambani. Wakulima wa pwani ya Kenya, hasa Kilifi na Kwale, wamekuwa wakipanda mvinje kwa ajili ya kuuza miti ya kujengea, na Unguja vilevile umeingia kwenye mapaa na dari. Unanyooka, unakua haraka, unakatwa baada ya miaka michache. Haufikii mkoko kwa kuvumilia mchwa, unahitaji kutiwa dawa na kuwekwa pakavu. Kwa paa la makuti na kwa jukwaa la waashi unatosha kabisa, na kila mvinje unaokatwa shambani ni mkoko mmoja uliobaki matopeni ukizuia mawimbi.

Kwa nyumba mpya, basi, simwambii mtu wa Mbagala au Likoni ajenge kasri la matumbawe. Msingi wake uwe wa zege, na nondo zifunikwe vizuri, kwa mchanga ambao haukuchotwa ufukweni, kwa sababu chumvi ya mchanga huo itazila nondo kutoka ndani. Kuta zinaweza kuwa za udongo ulioshindiliwa na saruji kidogo: Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wa Tanzania, ulioanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1971, umeendeleza kwa miaka mingi matofali ya kufungamana yanayotengenezwa kwa mashine ya mkono, hayachomwi kwa kuni wala hayahitaji udongo wa kujengea mwingi baina yake. Tofali la kuchoma la bara linaonekana la asili, ila tanuri lake linakula miti kama lilivyofanya tanuri la chokaa, na ningelitaka liwe la mwisho kuchaguliwa mahali palipoishiwa na kuni. Bati liwekwe dari chini yake na nafasi ya hewa. Kivuli cha mwembe upande wa magharibi kigharimiwe kama kifaa cha ujenzi.

Na kwa nyumba za kale, kazi inajulikana. Saruji ibanduliwe kwa uangalifu, ukuta uachwe ukauke, chumvi ipigwe brashi, kisha ipakwe chokaa iliyolala vya kutosha. Boriti zilizooza ncha zibadilishwe moja moja, dari ikiwa imeegemezwa, na ncha mpya ziachiwe nafasi ya kupumua ndani ya ukuta. Mafundi wanaoweza kuifanya kazi hiyo wapo Lamu na Unguja, na ni wachache kuliko nyumba zinazowasubiri. Vyuo vya ufundi vya mwambao, kuanzia Lamu hadi Mtwara, vinafundisha zege. Vipange na chokaa: kuichoma kwa mawe ya nchi kavu katika tanuri lisilopoteza joto, kuizima, kuilaza, kuipaka, na kumtahini mwanafunzi juu ya ukuta wa matumbawe wenye maji ndani yake.